Samaki wa ziwa na samaki wa mto



Tumepata barua ndefu kutoka Lubumbashi. Aliyeiandika ni mwanafunzi wa shule ya sekondari. Hati yake ni nzuri, ila katika ukurasa wa mwisho maneno yanakwenda upesi upesi, kama ya mtu aliyeandika kwa uchungu. Twaitoa hapa kwa kifupi, maana habari yake yawahusu wote wanaofuga samaki nyumbani ndani ya tangi la kioo, pamoja na wazazi wao, ambao mara nyingi ndio walipaji.

«Bwana Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Baba amenisaidia kutengeneza tangi la kioo, urefu wake sentimeta 100, upana 40, kimo 50. Kioo ni kinene, milimeta 10. Baba alikiweka akiba kwa ajili ya dirisha la duka lake. Mjomba wangu alipokuja kutoka Moba aliniletea samaki watano wa ziwa: wanne wenye kichwa kinene, ambao hukwangua mawe mchana kutwa, na mmoja mdogo wa buluu mwenye mistari myeusi, urefu wake kama kidole. Nami nikanunua hapa mjini samaki sita wa mto, ambao magamba yao yana rangi za upinde wa mvua. Aliyeniuzia akasema: Wote ni samaki wa Kongo, watapatana tu. Nikapanga mawe meupe ili wa ziwa waone kwao, nikajaza maji ya bomba asubuhi, na jioni nikawatia samaki wote. Siku ya tatu wawili wa mto walikufa. Siku ya tano wakafa wawili tena, na hao wawili waliobaki mapezi yao yamechanika. Mmoja wa wale wanne amejificha nyuma ya chujio, hatoki hata kula. Baba asema wakifa wengine, kioo kitakwenda dirishani. Kosa langu ni lipi? Nimesoma katika jiografia ya kuwa mto Lukuga hutoka ziwani pale Kalemie na kuingia Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo wenyewe. Je, maji si yale yale?»

Tumjibu kijana huyu taratibu, na baba yake asikie pia.

Mwanangu, hoja yako ya Lukuga ni hoja ya mtu anayefikiri, na yapita kwa mbali ile ya mfanyabiashara. Ni kweli kwamba Lukuga hutoka ziwani na kwamba huingia Lualaba. Lakini tazama hesabu ya ziwa lenyewe. Tanganyika ina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake hufika meta 1,470. Maji yanayoingia ni ya mvua na ya mito. Katika maji yanayotoka, sehemu ndogo tu hushika njia ya Lukuga. Sehemu kubwa huchukuliwa na jua, yaani huwa mvuke na kupanda angani. Na mvuke hauchukui chumvi. Mama akisahau chungu cha mboga motoni bila kifuniko, maji hupungua, na chumvi ile ile aliyoitia asubuhi huwa kali ulimini. Ndivyo ilivyo ziwani tangu maelfu ya miaka. Tena mto Ruzizi, utokao ziwa Kivu penye nchi ya volkano, huleta madini mengine kila siku.

Kwa hiyo maji ya Tanganyika ni magumu, maana yake yamejaa madini, na yana tabia ya magadi. Wenye elimu ya kemia hupima jambo hili kwa kipimo kiitwacho pH. Maji yasiyoelekea upande wowote ni 7. Yakishuka chini ya 7 yameelekea uchachu, kama maji yaliyokamuliwa limao. Yakipanda juu ya 7 yameelekea magadi. Maji ya Tanganyika ni kati ya 8.6 na 9.2.

Sasa twende mtoni. Samaki wako wa rangi za upinde wa mvua, kwa jinsi ulivyomweleza, ni yule ambaye wafugaji humwita tetra wa Kongo, na jina lake la kitaalamu ni Phenacogrammus interruptus. Kwao ni katika bonde la kati la mto Kongo, penye misitu. Huko mito hupita kati ya miti, huloweka majani makavu na mizizi, hata maji huwa na rangi ya chai. Aliyeuona mto Ruki karibu na Mbandaka atasadiki maneno haya: maji yake ni meusi kama chai iliyosahauliwa buli. Hayo ni maji laini, yasiyo na madini mengi, na pH yake huwa chini ya 7. Yale maji machache ya Lukuga, mpaka yafike huko, yamekwisha kuchanganywa na maji ya mito isiyo na idadi. Nchi ni moja, lakini maji ni mawili.

Samaki hana ngozi kama yetu ya kumtenga na maji anamokaa. Matamvua yake hupitisha hewa, na chumvi pia, na mwili wake hufanya kazi usiku na mchana kuweka kipimo sawa ndani. Tetra wa Kongo aweza kuvumilia maji yaliyo magumu kidogo kuliko ya kwao, iwapo atazoezwa polepole. Lakini ukimtoa ghafula katika maji laini na kumtumbukiza katika maji ya magadi, kazi hiyo yamshinda.

Na mawe yako meupe, mwanangu? Chukua moja, ulikaushe, ulidondoshee siki au maji ya limao. Likitoa mapovu, ni jiwe la chokaa, na limekuwa likiyafanya maji yako magumu siku zote tano. Kwa samaki wa ziwa jiwe hilo ni jema. Kwa wale wa mto si jema.

Lakini neno la maji halijaisha, kwa maana kuna kosa jingine ambalo lingewaua hata kama wangekuwa wa kabila moja. Ulijaza maji asubuhi, ukatia samaki jioni. Kila samaki hutoa uchafu, na katika uchafu huo kuna amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, vijidudu viitwavyo bakteria hukaa ndani ya chujio na juu ya mchanga, huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kama si nyingi. Bakteria hao hawanunuliwi pamoja na kioo. Huja wenyewe na kuongezeka kwa majuma manne hadi sita. Tangi lako lilikuwa na umri wa saa chache.

Hapa maji ya magadi huleta hatari ya pili. Amonia ina hali mbili ndani ya maji: moja haina ukali mwingi, nyingine huua. Maji yakiwa na pH 7, katika kila sehemu 100 za amonia haifiki hata sehemu 1 iliyo katika hali ya kuua. Maji yakiwa na pH 9, na joto la kawaida la tangi, sehemu zaidi ya 30 huwa katika hali hiyo. Kwa hiyo anayefuga samaki wa Tanganyika hana ruhusa ya kuharakisha, hata kuliko mfugaji wa samaki wa mto. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema. Nao hawakuwa na tangi.

Tuseme sasa habari ya vinywa.

Wale wanne wa kichwa kinene ni samaki waitwao Tropheus. Hukaa penye miamba karibu na ufuko, na chakula chao ni mwani, yaani ule ukijani unaoota juu ya mawe. Kwa kuwa mwani hauna nguvu nyingi, yawabidi kula kutwa nzima, na utumbo wao ni mrefu sana, umekunjwa mara nyingi ndani ya tumbo dogo. Tropheus akipewa nyama, au minyoo, au chakula chenye mafuta, hufurahi siku hiyo, kisha tumbo huvimba, na baada ya siku chache afa. Tetra wa Kongo, kinyume chake, hutamani wadudu waangukao majini. Sasa, mwanangu, utawapa nini mezani? Ukiwalisha majani, mmoja atakonda. Ukiwalisha wadudu, mwingine atakufa kwa shibe. Wanaochagua samaki kwa rangi hawaulizi swali hili, nami nakiri ya kuwa rangi hudanganya hata watu wazima.

Yule mdogo wa buluu ana kinywa cha namna nyingine. Kwa kuwa ametoka Moba, yaelekea ni Cyphotilapia, ambaye wafugaji wengi bado humwita Frontosa, ingawa wa upande wa kusini wa ziwa walipewa jina lao wenyewe, Cyphotilapia gibberosa, mwaka 2003. Wa Moba wasifika hata Ulaya kwa ubuluu wao. Ni samaki mzuri, mpole wa mwendo, anatazama watu kama mzee wa baraza, na akikomaa huota nundu pajini. Lakini atapita urefu wa sentimeta 30. Kwao hukaa kilindini, na anayemvua hana budi kumpandisha polepole, la sivyo kibofu chake cha hewa humvimba. Mjomba wako ama aijua kazi yake ama alibahatika. Na huyu mzee wa baraza hula samaki wadogo gizani, wakiwa wamelala. Leo ni kidole. Baada ya miaka kadhaa kila samaki wa urefu wa kidole ndani ya tangi lako atakuwa chakula chake, wala usimlaumu.

Hapa nimkumbuke msomaji mwingine aliyeuliza kama aweza kufuga mtoto wa mbenga, yaani samaki yule wa meno wa mto Kongo. Mbenga hupita urefu wa meta moja na uzito wa kilo 40. Jibu ni hapana. Na samaki mviringo aitwaye Tetraodon mbu, ambaye ni miongoni mwa wachache waonekanao mtoni na ziwani pia, huuzwa akiwa kama yai la kuku, anachekesha watoto kwa macho yake, kisha hukua kupita sentimeta 60, na meno yake huvunja makombe ya konokono. Jibu ni lile lile.

Limebaki jambo la tabia. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Wewe, pasipo kujua, ulitia fahali wanne. Tropheus hugawana miamba kwa vita. Wakiwa wachache, mwenye nguvu humchagua mnyonge mmoja, humfukuza asubuhi, humfukuza mchana, humnyima chakula, mpaka anajificha nyuma ya chujio na kufa huko. Hiyo ndiyo habari ya yule wako asiyetoka. Dawa yake itamshangaza baba: si kuwapunguza, bali kuwazidisha. Wafugaji huwaweka 12, 15 na zaidi, wa aina moja tu, katika tangi la urefu wa sentimeta 120 au zaidi, ili hasira ya mwenye nguvu igawanyike kwa wengi na asipatikane mmoja wa kuonewa. Katika tangi lako la lita 200 nafasi hiyo haipo.

Na mapezi ya tetra yalichanika kwa sababu gani? Dume la tetra wa Kongo lina mapezi marefu kama nguo ya arusi, na nyuzi mkiani. Mbele ya Tropheus, nguo hiyo ni ya kung'atwa tu.

Ziwani mna hata wabaya zaidi kuliko Tropheus. Mna samaki, Perissodus microlepis, ambaye chakula chake ni magamba ya wenziwe: huwavizia kutoka nyuma na kuwabandua ubavuni. Mwaka 1993 mtaalamu wa Kijapani, Michio Hori, alieleza ya kuwa wengine kinywa chao kimepindia kushoto na wengine kulia, kila mmoja akishambulia ubavu wake, na kwamba upande ukizidi kwa wingi, samaki wanaowindwa huuchunga zaidi, hata ule mwingine ukapata nafasi. Jambo la ajabu kusoma. Sitaki kuliona ndani ya tangi la mtu.

Basi, kijana, ufanye nini sasa, leo hii?

Chota robo ya maji ya tangi kila siku kwa muda wa juma moja, utie mapya yenye joto lile lile. Maji ya bomba yakinuka klorini, yaache kwanza katika ndoo usiku mzima, ukiyakoroga mara kwa mara. Usiwape chakula siku mbili. Samaki mwenye afya havunjwi na siku mbili, na chakula kisicholiwa huzidisha amonia. Wale tetra wawili waondoe, uwaweke katika beseni kubwa safi isiyowahi kutiwa sabuni, na pampu ya hewa, nawe uwapunguzie madini kidogo kidogo kwa kuongeza maji laini, kikombe baada ya kikombe. Maji ya mvua yafaa, iwapo mvua imekwisha kuosha bati kwanza na pipa halina kutu wala rangi.

Hao Tropheus na Cyphotilapia mtafutieni mtu mwenye tangi kubwa. Msiwarudishe ziwani, maana wamekaa na wageni na huenda wamepata ugonjwa wa kuwapelekea wengine. Wala msiwamwage katika mto wa karibu. Sangara aliyetiwa katika ziwa Victoria miaka ya 1950 alitosha kutufundisha ya kuwa samaki mgeni akiingia majini hakuna wa kumtoa.

Halafu, tangi likiwa tupu, chagueni. Kioo ni kimoja, njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni ya mto. Toa mawe ya chokaa, uweke mchanga wa kawaida, mizizi ya miti iliyochemshwa na majani makavu machache. Joto la 24 hadi 26, pH kati ya 6 na 7. Hapo tia tetra wa Kongo wanane, majike zaidi kuliko madume, kwa kuwa huyu ni samaki wa kundi, na akiwa peke yake hupoteza rangi kwa woga. Wao hukaa katikati na juu. Chini uwape majirani wasiogombea nafasi yao: Synodontis nigriventris watano, samaki wadogo wenye masharubu kama kambare, ambao huogelea chali, tumbo juu, wakitafuta chakula upande wa chini wa mizizi. Mgeni akiwaona mara ya kwanza atakwambia samaki wako wanakufa. Kama nafasi yaruhusu, ongeza jozi moja ya Steatocranus casuarius, mwenye nundu kichwani, mkazi wa maporomoko ya mto Kongo upande wa chini. Kibofu chake cha hewa ni kidogo, kwa hiyo haelei vema, hurukaruka juu ya mchanga kama chura, na dume na jike hulinda watoto wao ndani ya pango. Mimea laini itatafunwa na tetra. Panda Anubias, ambayo majani yake ni magumu, na ambayo nayo ni ya Afrika.

Njia ya pili ni ya ziwa. Mawe yako meupe yabaki. Nusu moja ya tangi iwe mawe yaliyopangwa mpaka yasitikisike, yakae juu ya kioo chenyewe na si juu ya mchanga, kwa kuwa samaki hawa huchimba, na jiwe likianguka huvunja kioo. Nusu nyingine iwe mchanga mwororo, na juu yake makombe 20 ya konokono yaliyo matupu. Joto la 24 hadi 27.

Penye makombe tia Neolamprologus similis sita. Hao ni samaki wadogo sana, dume lake ni la sentimeta 4 au 5 tu, na kwao ni ufuko wetu huu wa Kongo. Mtaalamu aliyewapa jina, Heinz Büscher, aliwaeleza mwaka 1992. Kila mmoja hukaa ndani ya kombe. Huchimba mchanga kwa kinywa, hulizika kombe hata mlango tu waonekana, na akiogopa huingia kama mtu aliyesahau kitu chumbani. Watoto wakizaliwa hawafukuzwi. Hukaa hapo hapo, nao hutafuta makombe karibu na wazazi, hata panakuwa kijiji.

Penye mawe tia jozi moja tu ya Julidochromis, samaki warefu wembamba wenye mistari, wanaokaa katika nyufa. Nasema jozi moja, na aina moja. Ukichanganya aina mbili za Julidochromis watazaana, na watoto hawatakuwa hawa wala wale. Hao hawataki mchanga, na wa makombe hawataki nyufa. Kila mmoja ana mpaka wake, na chakula chao ni cha namna moja, wadudu wadogo wa majini. Hivyo ndivyo majirani huchaguliwa: maji yale yale, chakula kile kile, nyumba mbalimbali.

Mtu atakuuzia pia Neolamprologus brichardi, mwenye mkia kama mwezi mchanga, ambaye Max Poll alimpa jina mwaka 1974 kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa ziwa kutoka Bujumbura. Katika jamaa yake, kaka na dada wakubwa hubaki nyumbani na kulinda wadogo zao pamoja na wazazi. Wazazi wanaosoma ukurasa huu watampenda mara moja. Lakini jamaa hiyo ikikua hushika mawe yote na kuwasukuma wengine pembeni mpaka wafe. Anayemtaka ampe tangi lake peke yake.

Ukiniuliza mimi, ningeshika njia ya ziwa. Moba unaye mjomba, mawe unayo, na makombe hayauzwi ghali. Lakini kama maji ya bomba lenu ni laini, afadhali mto, kwa kuwa kuyageuza maji kila juma ni kazi inayochosha, na mtu aliyechoka husahau. Nunua karatasi za kupimia pH kabla ya kununua samaki hata mmoja. Tena Lubumbashi ni juu, meta 1,200 hivi, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi huwa kali. Pasipo kipasha-maji cha umeme na kipimajoto, samaki wa njia zote mbili watalala ubavu asubuhi. Umeme ukikatika, lifunike tangi kwa blanketi, na kwa saa za mchana uchote maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, ili yapate hewa. Pampu ndogo ya betri hufanya kazi hiyo vizuri kuliko mkono wako.

Halafu ngoja. Washa chujio, tia chembe chache za chakula cha samaki kila siku kana kwamba wamo, na uombe kwa mwenye tangi la zamani kipande cha sifongo ya chujio lake, ingawa ni chafu. Uchafu huo ndio mbegu ya bakteria. Pima nitriti baada ya juma la nne. Ikipanda kisha ikashuka mpaka si kitu, na amonia vilevile, tangi limekomaa.

Siku ya kutia samaki, eleza mfuko juu ya maji dakika 15, kisha mimina kikombe cha maji ya tangi ndani yake kila baada ya dakika chache, muda wa saa moja. Wa makombe watangulie. Wale wa nyufa waje baada ya majuma mawili, wakute wenzao wamekwisha kujenga. Badili robo ya maji kila juma, na usiongeze samaki wengine kwa sababu tu mahali pa juu paonekana patupu.

Kwa baba tuna neno moja, kwa heshima. Mzee wetu, kioo chako si kibaya, wala mwanao si mzembe. Utuachie hicho kioo majuma manane. Usiku ule wa kwanza taa izimwe, na asubuhi hamtaona samaki hata mmoja. Msichokore makombe kwa kijiti. Kaeni kimya mbele ya tangi dakika kumi, wewe na mwanao. Mchanga utaanza kuruka mlangoni pa kombe moja, kidogo kidogo, kana kwamba mtu anafagia.

Barua ya msomaji wa Kindu juu ya mimea ya majini tutaijibu juma lijalo.